Msimu mmoja Peponi: Kisa cha Middlesbrough Ironopolis

Nenda kibanda umiza chochote siku Liverpool inacheza, mtafute shabiki aliyevaa jezi nyekundu tangu asubuhi, umuulize swali moja: timu yako ilicheza mechi ya kwanza kabisa ya ligi na nani? Wengi watataja Everton. Mwenye kujifanya mjuzi atasema Preston. Wa kusema Middlesbrough Ironopolis utamtafuta kwa tochi.

Ilikuwa Jumamosi, Septemba 2, 1893. Liverpool, klabu ambayo haikuwa imetimiza hata miaka miwili tangu izaliwe, ilisafiri hadi Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mashariki mwa Uingereza, kufungua msimu wa Ligi Daraja la Pili. Wageni hawakuvaa nyekundu. Jezi zao enzi hizo zilikuwa za buluu na nyeupe; nyekundu ya Anfield ilikuja baadaye. Uwanja wa wenyeji uliitwa Paradise Ground, yaani uwanja wa Peponi. Malcolm McVean, Mskoti, akafunga bao la kwanza la Liverpool katika historia yake ya ligi, Joe McQue akaongeza la pili, na wenyeji wakalala 2-0 mbele ya watu wao.

Siku hiyohiyo, kusini mashariki mwa London, timu iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha, Woolwich Arsenal, ilitoka sare ya 2-2 na Newcastle United. Nayo ilikuwa mechi ya kwanza ya ligi kwa timu zote mbili. Kwa hiyo mechi hizo mbili za Jumamosi moja zilizindua timu nne: Liverpool, Arsenal, Newcastle na Ironopolis. Tatu kati ya hizo leo zinajulikana hadi kwa mtoto wa shule ya msingi wa Mbagala au Eastleigh.

Ya nne haikuufikia msimu wa pili.

Mji uliochipuka kama uyoga

Jina lenyewe linajieleza. Limeunganishwa kutoka neno la Kiingereza la chuma na neno la Kigiriki la mji: Ironopolis, mji wa chuma. Halikuwa jina la kujisifu bure. Sensa ya 1801 ilikuta watu 25 tu Middlesbrough, wakulima kando ya Mto Tees. Mwaka 1829 mfanyabiashara Joseph Pease na wenzake wakanunua ardhi hapo ili kujenga bandari ya kusafirishia makaa ya mawe, na reli ikafuata. Sensa ya 1831 ikahesabu watu 154.

Kilichoubadili mji kabisa kilipatikana mwaka 1850 katika vilima vya Eston, karibu na hapo: mawe ya chuma, tena mengi. Henry Bolckow na John Vaughan, waliokuwa tayari na kiwanda mjini, wakawasha tanuru baada ya tanuru. Watu wakamiminika kutoka Ireland, Wales, Uskoti na vijiji vya Yorkshire. William Gladstone, wakati huo waziri wa fedha wa Uingereza, alipoutembelea mji huo mwaka 1862 aliufananisha na Hercules angali mtoto mchanga, yule shujaa wa ngano za Wagiriki mwenye nguvu za kutisha. Kufikia sensa ya 1901 Middlesbrough ilikuwa na wakazi zaidi ya 90,000.

Mji wa namna hiyo una vijana wengi, wanaume wa kazi ngumu wanaolipwa kwa wiki na kupata mapumziko Jumamosi mchana. Ni udongo mzuri wa kupanda mpira. Lakini riziki yao ilitegemea tanuru. Bei ya chuma ikishuka, mshahara nao ulishuka. Tanuru likizimwa, hakuna mshahara kabisa. Mwaka 1892 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Durham waligoma kwa karibu miezi mitatu, na tanuru nyingi za eneo hilo zikapoa kwa kukosa makaa. Ukweli huo uwekwe akiba, kwa sababu utarudi tutakapofika kwenye hesabu za getini.

Waliotaka kulipwa na waliokataa

Middlesbrough Football Club ilianzishwa mwaka 1876 na wachezaji wa kriketi waliotafuta cha kufanya majira ya baridi. Ilikuwa timu ya ridhaa: mchezaji hapati senti, anacheza kwa mapenzi. Chama cha soka cha England kiliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885, na mwaka 1888 timu 12 za Lancashire na maeneo ya kati ya nchi zikaunda ligi, ya kwanza ya aina yake duniani. Ndani ya mwaka mmoja swali likawa limetua Middlesbrough: na sisi tulipe, au tubaki hivihivi?

Wanachama hawakuelewana. Mwaka 1889 waliotaka timu ya kulipwa wakaona wanapoteza muda wao kubishana. Wakatoka, wakaunda klabu yao, wakaiita Middlesbrough Ironopolis. Mashabiki wakalifupisha jina hilo refu, wakaiita Nops.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuchorewa picha. Simba ilizaliwa mwaka 1936 na watu waliojitoa Yanga, na mgogoro mwingine wa Jangwani miaka ya 1970 ukazaa Pan African. Anajua kuwa wanaojitenga hawaondoki na mpira tu. Wanaondoka na wachezaji, na wafadhili, na nusu ya meza ya kahawa kijiweni.

Kichekesho ni kwamba haukupita muda hata ile Middlesbrough ya zamani, iliyokataa kulipa, nayo ikaanza kulipa. Pengine isingefanya hivyo wachezaji wake wangehama wote kwenda kwa jirani. Matokeo yake mji mmoja, mkubwa lakini si mkubwa kiasi hicho, ukawa na timu mbili za kulipwa zinazogombea mashabiki walewale, siku ileile, zikiwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Miaka mitatu ya neema

Kimpira, waliojitenga hawakukosea. Ironopolis iliingia Ligi ya Kaskazini, iitwayo Northern League, msimu wa 1890-91 na kuchukua ubingwa hapohapo. Ikautetea msimu uliofuata. Ikauchukua tena 1892-93. Mataji matatu mfululizo katika misimu mitatu ya kwanza, na mara zote Middlesbrough ya zamani ikiwa inatazama vumbi la jirani.

Kilele kilikuwa Kombe la FA mwanzoni mwa mwaka 1893. Raundi ya kwanza Ironopolis iliitoa Marlow kwa mabao 3-1. Raundi ya pili ikakutana na Notts County, timu iliyokuwa Daraja la Kwanza na mmoja wa waasisi 12 wa ligi. Nops wakashinda 3-2. Katika robo fainali ikaja Preston North End, jina lililokuwa likitetemesha watu. Preston ndiyo iliyochukua ubingwa wa kwanza wa ligi mwaka 1889 bila kufungwa mechi hata moja, ikabeba na Kombe la FA msimu huohuo. Ironopolis, timu ya miaka mitatu isiyokuwa hata kwenye ligi hiyo, ikawabana wakongwe hao kwa sare ya 2-2.

Mechi ya marudiano ilikuwa habari nyingine. Preston ilishinda 7-0.

Hata hivyo, timu iliyoitoa klabu ya Daraja la Kwanza na kuilazimisha Preston kurudiana ilikuwa na haki ya kuuliza: tunasubiri nini hapa Kaskazini?

Ndoa iliyovunjika kabla ya fungate

Ukweli ni kwamba Middlesbrough ilikuwa imeshabisha hodi mwaka mmoja kabla. Mwaka 1892 ligi ilipanuka na kuanzisha Daraja la Pili, na wakubwa wa klabu zote mbili za mji wakafanya jambo la busara: wakakaa meza moja. Walikubaliana kuungana na kuomba nafasi kwa jina la pamoja lililobeba majina yote mawili. Maombi yakagonga mwamba kwenye kura za klabu wanachama. Nafasi ilipokosekana, muungano nao ukafa, kila mmoja akarudi kwake. Middlesbrough ya zamani ikaachana na mambo ya mishahara, ikarudi kuwa timu ya ridhaa.

Mwaka huohuo wa 1892 majirani zao walikuwa wakiumaliza ugonjwa uleule. Sunderland nako kulikuwa na timu mbili, kwa sababu James Allan, mwalimu aliyeianzisha klabu ya Sunderland, alijitoa mwaka 1888 na kuunda Sunderland Albion. Albion ilivunjika 1892, na Sunderland ikabaki peke yake ikikusanya mataji ya Daraja la Kwanza. Newcastle kulikuwa na East End na West End. West End ikafilisika 1892, East End ikahamia kwenye uwanja wake wa St James' Park na kabla mwaka haujaisha ikajiita Newcastle United, jina la kuwaalika watu wa pande zote mbili za mji. Uwanja huo ndio huohuo wa leo.

Miji mitatu, tatizo moja. Miwili ilifika mwaka 1893 ikiwa na timu moja moja ya kuitegemea. Middlesbrough ilifika ikiwa bado na mbili.

Mlango wafunguka

Mlango wa ligi ulifunguka kwa sababu kuna wengine waliokuwa wakitoka. Bootle, klabu ya kitongoji cha bandari kaskazini mwa Liverpool, ilicheza Daraja la Pili msimu wa 1892-93. Ilianza kwa kuchapwa 7-0 na Ardwick ya Manchester, ikamaliza nafasi ya nane kati ya 12. Si mkiani, si karibu na mkiani. Lakini mfuko ulikuwa mtupu, ikajitoa baada ya msimu huo mmoja. Accrington, mmoja wa waasisi wa ligi, iliposhushwa kutoka Daraja la Kwanza mwaka huohuo ilikataa kucheza daraja la chini, nayo ikaondoka.

Bootle ilikuwa imeishi miaka yote kwenye kivuli cha Everton. Ligi ilipoanzishwa mwaka 1888, ni Everton iliyochukuliwa. Na sasa kuondoka kwa Bootle kukampa nafasi jirani mwingine. Simulizi za Anfield zinasema katibu John McKenna aliomba nafasi hiyo kwa niaba ya Liverpool bila hata kuwaarifu wakurugenzi wenzake, na habari ya kukubaliwa ndiyo iliyowashtua.

Daraja la Pili likapanuliwa kutoka timu 12 hadi 15, na wageni wakawa watano: Liverpool, Woolwich Arsenal, Newcastle United, Rotherham Town na Middlesbrough Ironopolis. Safari hii Nops waliingia peke yao, bila ndoa na jirani.

Hesabu za getini

Kwa karatasi, msimu wa Ironopolis haukuwa wa aibu. Ilicheza mechi 28, ikashinda 8, ikatoka sare 4, ikafungwa 16. Ilifunga mabao 37 na kufungwa 72. Ushindi ulikuwa unalipwa pointi mbili, kwa hiyo ikavuna pointi 20 na kumaliza ya 11 kati ya timu 15. Timu tatu za mwisho ndizo zilizolazimika kuomba upya nafasi ya kubaki kwenye ligi. Ironopolis haikuwamo. Iliziacha nyuma Crewe Alexandra, Ardwick, Rotherham Town na Northwich Victoria, ambayo ilimaliza na pointi 9.

Zipo siku zilizokuwa chungu. Oktoba 1893 Nops walikwenda Anfield kurudiana na Liverpool, wakarudi na kapu la mabao 6-0. Lakini Liverpool hiyo, iliyosheheni Waskoti kiasi cha kuitwa timu ya akina Mac, haikufungwa na mtu yeyote msimu mzima: ilishinda mechi 22 na kutoa sare 6. Kufungwa nayo hakukumtofautisha mtu na wenzake.

Shida haikuwa uwanjani. Ilikuwa kwenye kidirisha cha tiketi.

Kiingilio cha kawaida kwenye mechi za ligi wakati huo kilikuwa peni sita, na pauni moja ilikuwa na peni 240. Tupige hesabu kama mweka hazina wa klabu. Mashabiki 1,000 wakilipa kiingilio kamili, pochi la Jumamosi lina pauni 25. Sasa wachezaji: wengi wa kulipwa wa zama zile walipata kati ya pauni mbili na tatu kwa wiki. Chukua wastani wa pauni mbili na nusu, zidisha kwa watu 11, unapata pauni 27 na nusu. Yaani watu 1,000 hawatoshi kulipa kikosi cha kwanza kwa wiki moja. Na timu hailali nyumbani kila wiki. Jumamosi ya pili iko ugenini, mshahara unadaiwa vilevile, na juu yake kuna nauli.

Hapo ndipo jiografia ilipoingia. Katika Ligi ya Kaskazini wapinzani walikuwa majirani: Stockton, Darlington, Newcastle. Unakwenda asubuhi, unarudi jioni. Daraja la Pili lilikuwa jambo jingine. Timu zake nyingi zilikuwa maeneo ya kati ya nchi na kaskazini magharibi: Walsall, Small Heath ya Birmingham, Burton, Burslem, Crewe, Northwich. Woolwich Arsenal ndiyo ilikuwa mbali kuliko zote, kama kilomita 400 kwa treni kwenda tu, kisha kurudi vilevile, kikosi kizima na mizigo yake. Newcastle pekee ndiyo iliyokuwa karibu. Na mpinzani anayetoka mbali hivyo haji na mashabiki wa kukujazia uwanja.

Halafu upande wa pili wa mji, kwenye uwanja wa Linthorpe Road, Middlesbrough ya ridhaa ilikuwa ikiendelea na mechi zake. Haikuwa na mishahara ya kulipa. Fundi wa tanuru mwenye peni sita mfukoni alikuwa na pa kuchagua: kwa Nops akaone Small Heath, au kwa wazee akaone vijana wa mtaani kwake. Na mfuko wenyewe, tangu mgomo wa Durham, haukuwa ule wa zamani.

Mapato ya getini hayakutosha mishahara na nauli. Mechi ya mwisho ya Ironopolis ilikuwa sare ya 1-1 na majirani zao South Bank mwishoni mwa Aprili 1894. Baada ya hapo klabu haikuwa tena na fedha, na Paradise Ground nao ukawatoka mikononi. Ikajitoa kwenye ligi na kuvunjwa. Kutoka kuzaliwa hadi kuzikwa, miaka mitano haikutimia.

Aliyekuwa chini yake akapona

Kama ingekuwa suala la pointi, wa kufa msimu ule alikuwa Ardwick. Timu hiyo ya Manchester ilimaliza ya 13, chini ya Ironopolis kwa pointi mbili, na kifedha ilikuwa hoi vilevile. Ilikuwa miongoni mwa tatu zilizopaswa kwenda kuomba kura.

Watu wa Ardwick walichokifanya ni kutosubiri. Aprili 1894, msimu ukiwa haujafungwa, waliunda kampuni mpya yenye jina pana zaidi, jina la jiji zima badala ya kitongoji: Manchester City. Kampuni hiyo ndiyo iliyoomba nafasi kwenye ligi, na ikapewa. Kilichofuata kwa Manchester City msomaji anakijua bila kusimuliwa.

Tofauti kati ya Ardwick na Ironopolis kwenye jedwali ni pointi mbili, tena kwa faida ya Ironopolis. Tofauti nyingine ni hii: jina "Manchester City" lilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kulichukua. Jina "Middlesbrough" lilikuwa na mwenyewe, yuko Linthorpe Road, na waliotaka kuwaunganisha walikuwa wameshajaribu na kushindwa mwaka 1892. Newcastle waliwahi. Sunderland waliwahi. Middlesbrough hawakuwahi, na Nops wakalipa gharama.

Ligi haikuomboleza. Kwa msimu wa 1894-95 iliingiza timu tatu mpya, mojawapo ikiwa Leicester Fosse. Klabu hiyo leo inaitwa Leicester City, na ndiyo iliyoduwaza dunia kwa kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2016.

Waliobaki wakarithi

Middlesbrough ya ridhaa, ile iliyokataa kulipa na kisha ikalipa na kisha ikaacha, ilibaki na mji wote. Mwaka 1895, mwaka mmoja tu tangu jirani avunjike, ilichukua Kombe la FA la timu za ridhaa kwa kuifunga Old Carthusians 2-1. Ikalichukua tena 1898. Mwaka 1899 ikabadili msimamo kwa mara ya mwisho: ikawa timu ya kulipwa na kuingia Daraja la Pili, nafasi ileile waliyoikimbilia Nops miaka sita nyuma. Mwaka 1902 ikapanda Daraja la Kwanza. Februari 1905 ikamnunua Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000, na kuwa klabu ya kwanza duniani kutoa fedha hizo kwa mchezaji mmoja. Magazeti yalipiga kelele kwamba mpira umeharibika.

Fedha zilezile zilizokuwa haramu mwaka 1889 zikawa zimehalalishwa.

Mwaka 1903 klabu hiyo ilijenga uwanja mpya, Ayresome Park, pembeni kabisa ya pale palipokuwa Paradise Ground. Uwanja huo uliona mengi. Julai 19, 1966, katika Kombe la Dunia, Korea Kaskazini iliifunga Italia 1-0 hapo, bao la Pak Doo-ik, na Waitalia wakafungashiwa virago. Wenyeji wa Middlesbrough, ambao walikuwa wameamua kuwashangilia Wakorea kama timu yao, walishangilia hadi sauti zikakauka.

Na mwaka 1986 mji huo nusura uzike timu ya pili. Middlesbrough ilikuwa imeshuka hadi Daraja la Tatu, madeni yakiwa yameifunika, na mageti ya Ayresome Park yakafungwa kwa minyororo. Mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu mpya ililazimika kuchezwa kwa jirani, Hartlepool. Mgeni wa siku hiyo alikuwa Port Vale, ambaye miaka 93 kabla, akiitwa Burslem Port Vale, alikuwa daraja moja na Ironopolis. Safari hii kundi la wafanyabiashara akiwamo Steve Gibson, kijana wa hapohapo mjini, lilikusanya fedha kabla muda wa mwisho haujapita, na klabu ikaokolewa. Gibson baadaye akawa mwenyekiti, timu ikahamia Riverside mwaka 1995, ikatwaa Kombe la Ligi mwaka 2004 na kufika fainali ya Kombe la UEFA mwaka 2006.

Walioiokoa mwaka 1986 walikuwa na faida moja ambayo Nops hawakuipata: mjini kulikuwa na timu moja tu, na kila mtu alijua anachangia ipi.

Ayresome Park ulibomolewa mwaka 1997. Leo pamejengwa nyumba za kuishi, na mahali alipopiga shuti Pak Doo-ik pamewekwa alama ya shaba inayoonyesha nyayo za njumu, mbele ya nyumba ya mtu. Nops hawana hata hilo.

Kwa hiyo shabiki wa Liverpool akikusumbua kibandani Jumamosi hii kwa mataji na takwimu, mpe swali la mechi ya kwanza ya ligi. Akikwama, mpe na jibu: Septemba 2, 1893, Paradise Ground, Middlesbrough Ironopolis 0, Liverpool 2.